Kodi ya Tanga, nauli ya Dar

"Tunaishi Sinza, mimi, mume wangu na watoto wawili, mmoja darasa la pili na mwingine la sita. Nyumba ni vyumba viwili, sebule, jiko na choo cha ndani, shilingi 350,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba ametuambia kuanzia Januari ni 400,000, na anataka miezi sita kwa mkupuo. Nimeulizia nje ya Dar. Nyumba ya namna hiyo hiyo nimetajiwa 180,000 Bagamoyo, pande za Nianjema, na 130,000 Tanga, Makorora. Mume wangu ni fundi wa viyoyozi, ofisi yao iko Mwenge, na bosi wake amekubali azikusanye kazi zake kwenye siku tatu za wiki. Mimi nashona nguo nyumbani, vitambaa nafuata Kariakoo mara mbili kwa mwezi. Nauli nimeambiwa ni 3,000 Bagamoyo na 20,000 Tanga. Gari la kuhamisha vyombo ni 250,000 kwa Bagamoyo na 650,000 kwa Tanga. Kwa hesabu yangu, Tanga tunaokoa 270,000 kila mwezi, zaidi ya milioni tatu kwa mwaka. Mume wangu ananicheka. Nimekosea wapi?"

Dada yangu, kutoa umetoa sawasawa. Laki nne ukiondoa laki na thelathini inabaki laki mbili na sabini. Wala mumeo hana sababu ya kukucheka, maana kosa lako ni la karibu kila anayepanga kuhama Dar: umelinganisha kodi na kodi, ukaishia hapo. Kodi tunaiona kwa sababu inatoka kwa mkupuo na inauma. Nauli, madumu ya maji, uniti za umeme na mshono ulioshuka bei hutoka kidogo kidogo, na mwisho wa mwezi hakuna anayekumbuka zilipitia wapi.

Jiulize kwanza kwa nini Makorora ni rahisi kuliko Sinza. Si tofali. Saruji ni ile ile, na ya Makorora pengine imetoka Pongwe, hapo hapo jirani. Unacholipia Sinza ni ukaribu: Mwenge ni hatua, Kariakoo ni daladala moja, wateja wenye hela ya mshono mzuri wako mtaa wa pili. Kodi ya mji hupanda hadi pale mifuko ya wakazi wake inapofika, ikasimama. Kwa hiyo unapohama unaachana na mambo mawili kwa pamoja, kodi ya juu na kipato cha juu kilichoisukuma. Kama riziki yenu inabaki Dar, ukaribu ule mtaununua upya, safari hii kwenye dirisha la tiketi. Kama riziki nayo inahama, italipwa kwa bei za huko mnakokwenda. Hakuna njia ya kukwepa yote mawili, ila kuna njia ya kujua lipi litakugharimu kidogo.

Tuhesabu Bagamoyo kwanza kwa namba zako mwenyewe. Siku tatu kwa wiki kwa mwaka mzima ni safari 156, yaani 13 kwa mwezi. Kila safari ni nauli 6,000 kwenda na kurudi, na tuseme bodaboda 1,000 asubuhi na 1,000 jioni kati ya nyumbani na stendi: jumla 8,000. Leo hii akitoka Sinza kwenda Mwenge tuchukulie anatumia 1,200 kwa siku, kwa hiyo kinachoongezeka ni 6,800. Mara 13 ni 88,400. Kodi ya Nianjema inakupunguzia 220,000 ukilinganisha na hiyo 400,000 mpya. Ukitoa nauli zinabaki 131,600. Safari zako mbili za Kariakoo zitaongeza kama 16,000 juu ya unazotumia sasa. Umebaki na 115,600 kwa mwezi. Si haba, lakini ni kama nusu tu ya ile 220,000.

Hapo kuna jambo la kazi ya mumeo ambalo yeye analijua kuliko mimi na wewe. Simu za viyoyozi hazigawanyiki sawa kwa mwaka. Kuanzia Desemba hadi Machi joto likishika, zile siku tatu alizokubaliwa zinakuwa tano, na hakuna bosi atakayemwacha mteja wa Masaki anatokwa jasho kwa sababu fundi yuko Bagamoyo. Kwa siku tano, nauli inayoongezeka ni kama 147,300 kwa mwezi, na akiba yenu kabla ya safari zako inashuka hadi 72,700. Vifaa navyo: mtungi wa gesi na mashine ya kunyonya hewa havipandi daladala bure, kondakta atavitoza kama abiria. Vibaki ofisini Mwenge, abebe mkoba wa spana tu.

Sasa Tanga. Kutoka Dar hadi Tanga kwa barabara ya Segera ni kilometa kama 350. Basi linaishia stendi ya Kange, nje kidogo ya mji, na upande wa Dar ni stendi ya Magufuli pale Mbezi. Safari moja kwa hiyo ni basi 40,000 kwenda na kurudi, bodaboda ya Kange tuseme 4,000, daladala ya Mbezi na Mwenge 1,400. Jumla 45,400. Akienda kila wiki, safari 52 kwa mwaka, ni 196,700 kwa mwezi. Bado hajalala. Siku tatu za kazi zinataka usiku tatu Dar, kwa sababu basi la asubuhi kutoka Tanga linamfikisha mchana na siku imekwisha. Hata akifikia kwa ndugu, mtu mzima hafiki mikono mitupu kila wiki. Weka 5,000 ya mboga kwa usiku, inakuwa 65,000 kwa mwezi. Chukua ile 270,000 yako, toa 196,700, toa 65,000. Zimebaki shilingi 8,300.

Elfu nane na mia tatu. Hapo ndipo kicheko cha mumeo kilipo, ingawa angeweza kukuandikia kwenye karatasi badala ya kucheka. Watanga wana ule msemo wao, waja leo waondoka leo. Umesemwa kwa sababu nyingine kabisa, lakini fundi anayeishi Tanga na kufanya kazi Mwenge angeuelewa kwa mfuko.

Kuna namna ya kuipunguza gharama hiyo, na inafaa mumzungumzie bosi kabla hamjaamua lolote. Badala ya siku tatu kila wiki, afanye siku sita mfululizo, wiki moja ndani na moja nje. Siku za kazi ni zile zile, ila safari zinashuka kutoka 52 hadi 26 kwa mwaka. Nauli inakuwa 98,400 kwa mwezi, malazi yanabaki 65,000, na akiba inapanda hadi kama 106,600. Imeikaribia Bagamoyo, haijaipita, na baba hayupo nyumbani nusu ya mwaka. Hilo la mwisho sina bei ya kuliwekea.

Tanga inakuwa na maana kubwa kwa sharti moja tu: mumeo apate kazi Tanga. Hapo 270,000 yote inabaki, mradi mshahara wake haushuki kwa kiasi hicho au zaidi. Kazi ya viyoyozi ipo, kuna bandari, benki, hoteli na ofisi za jiji. Lakini aende akaulize kwa miguu yake, aongee na mafundi wawili watatu wa huko, ajue wanalipwaje kusafisha mashine moja na kuongeza gesi. Akirudi na bei hizo mkononi, hesabu ya Tanga itafanywa upya kuanzia mstari wa kwanza.

Na wewe je? Swali lako umeandika kana kwamba cherehani inahama na wateja wake. Ukishona nguo 20 kwa mwezi na bei ya mshono ikashuka kwa 8,000 tu kila nguo, umepoteza 160,000. Hiyo peke yake inameza akiba yote ya Bagamoyo na kudai chenji. Na huko ugenini nguo 20 hazitakuja mwezi wa kwanza. Fundi cherehani hujulikana kwa mshono mmoja wa harusi uliopendeza, na harusi hiyo lazima mtu akualike kwanza. Kwa hiyo wateja wa Sinza usiwaage. Chukua vipimo vyao vyote uviandike kwenye daftari moja, mtu na namba yake ya simu, na nguo mumeo azipeleke siku anazokwenda kazini. Kwa Bagamoyo hilo linawezekana kabisa, na ndiyo faida ambayo hukuihesabu. Kwa Tanga utatuma kwa basi, na kitambaa vilevile: muuza vitambaa wa Kariakoo anayekufahamu anakutumia picha, unalipa kwa simu, kifurushi kinapanda basi jioni unakipokea Kange. Usifunge safari ya 45,400 kwa ajili ya mita kumi za kitenge.

Chakula ndipo watu wanapodanganyika zaidi, kwa pande zote mbili. Vinavyotoka karibu vinashuka bei, vinavyotoka mbali havishuki. Tanga ina nazi, muhogo, maziwa, na machungwa ya Muheza yakiwa kwenye msimu yanauzwa kwa bei ambayo mtu wa Sinza atadhani amesikia vibaya. Sukari, sabuni, mafuta ya kula, unga wa ngano, daftari za shule na gesi ya kupikia havijali umehamia wapi; vingi vimepita mikononi mwa wauza jumla wa Dar na vimepanda lori kukufuata. Samaki wa Bagamoyo nao usiwahesabu bure. Pale ufukweni samaki huuzwa kwa mnada, na ukifika utasimama bega kwa bega na wachuuzi wenye makasha ya barafu wanaopeleka Dar. Wao ndio wanaopanga bei, na wanajua Dar itauza ngapi. Nafuu ipo kwa samaki wadogo na kwa anayejua saa ya vyombo kurudi, na hilo linakuja na ukaazi. Andika vitu kumi na tano mnavyonunua kila wiki, beba orodha hiyo siku ya kwenda kuona nyumba, uingie duka la mtaani na sokoni kama mnunuzi. Saa moja ya kazi hiyo ni bora kuliko kuwauliza watu kumi "maisha ya huko yakoje".

Umeme nitaukalia kidogo, kwa sababu hapa nyumba mbili za kodi moja zinaweza kutofautiana kila mwezi na dalali asijue. Bei ya TANESCO ni moja nchi nzima, kwa hiyo kuhama mji hakukupunguzii kitu. Kinachobadilika ni kundi la mita. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2016, mita iliyo kwenye kundi la matumizi madogo, D1, inauziwa uniti kwa shilingi 100 kabla ya kodi na tozo, mradi wastani wa matumizi hauvuki uniti 75 kwa mwezi. Mita ya kawaida, T1, ni shilingi 292. Ukijumlisha VAT ya asilimia 18, asilimia 3 ya umeme vijijini na asilimia 1 ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, inakuwa 122 kwa moja na 356 kwa nyingine. Familia inayotumia uniti 60 italipa 7,320 kwenye D1 na 21,360 kwenye T1.

Kujua nyumba iko kundi gani hakuhitaji fundi. Mwombe mwenye nyumba au mpangaji anayetoka akuonyeshe ujumbe wa LUKU wa mwisho, gawanya fedha ya umeme kwa uniti alizopata. Au nunua ya 1,000 ukiwa hapo hapo: kama hakuna deni la kukatwa kwanza, ikija na uniti 8 na ushee ni D1, ikija na 2.8 ni T1. Kinachowaponza wapangaji ni mita ya kuchangia. Familia mbili zenye uniti 50 kila moja zingekuwa D1 kama kila moja ingekuwa na mita yake. Zikiwa na mita moja zinasoma 100 na zote zinalipa bei ya juu, mbali na ugomvi wa nani ana friji. Nyumba ya 130,000 yenye mita ya kuchangia na nyumba ya 145,000 inayojitegemea umeme, mimi ningechukua ya pili bila kufikiri mara mbili.

Kuna na kodi ya jengo. Tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, na tangu 2023 ni 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa. Kisheria ni deni la mwenye nyumba, ila anayenunua umeme ndiye anayekatwa. Iingizeni kwenye mkataba, kwamba 18,000 kwa mwaka inatolewa kwenye kodi ya pango. Na nyumba iliyokaa tupu miezi sita bila kununuliwa umeme imejilimbikizia 9,000: mgeni unaingia usiku, unanunua ya 10,000, unapata umeme wa 1,000 na watoto wanakuangalia. Ndiyo maana nasema ununue ukiwa bado unaangalia nyumba, kabla hujatoa fedha ya pango.

Maji yana hesabu fupi. Uniti moja ni lita 1,000, madumu 50 ya lita 20. Nyumba yenu ya watu wanne ikitumia madumu 10 kwa siku ni uniti 6 kwa mwezi. Yakiletwa na mkokoteni kwa 200 kila dumu ni 60,000. Yakitoka bombani ni sehemu ndogo tu ya fedha hiyo. Bagamoyo iko chini ya DAWASA kama ulivyozoea, Tanga ina mamlaka yake, Tanga UWASA, inayochota Mto Zigi kwenye bwawa la Mabayani. Kuona bomba uani hakutoshi: lifungue, na uwaulize majirani wa pande mbili maji yanatoka siku ngapi kwa wiki. Ukiambiwa "tuna kisima", nawa mikono kwa sabuni ya mche. Povu likigoma na ngozi ikabaki inanata, maji ni ya chumvi. Yatafaa kudekia na kumwaga chooni, ya kunywa na kupikia utanunua. Weka gharama hiyo kwenye karatasi.

Nyumba yenyewe ikague mchana, na ikiwezekana siku ya pili baada ya mvua. Pitisha kiganja ukutani kwenye kimo cha goti. Kikitoka na unga mweupe, ni chumvi inayopandishwa na unyevu kutoka chini, na rangi mpya uliyoiona ni ya kukukaribisha tu. Kitanda na kabati usiviegemeze ukuta huo, na cherehani yako usiiweke chumba hicho. Gonga plasta kwa ufunguo: ikilia tupu imeachana na ukuta. Tazama juu, kwenye vichwa vya misumari ya bati, maana karibu na bahari kutu huanzia hapo, na tundu la msumari mmoja linatosha kuharibu dari ya chumba kizima. Ukivutiwa na nyumba za zamani za Mji Mkongwe wa Bagamoyo, zile za mawe ya matumbawe na chokaa, ujue kuta zake nene zina baridi nzuri, lakini zilizopigwa plasta ya saruji juu ya chokaa hufungia unyevu ndani, na plasta inabanduka vipande vipande kila mwaka hata ukipaka rangi ya bei gani.

Dalali. Bei uliyotajiwa kwa simu ukiwa Sinza ni bei ya mtu wa Dar, na hasa kama namba yako imesemwa ni ya "mteja kutoka mjini". Shuka mwenyewe, keti kwenye duka la mtaa uagize soda, uliza nyumba zilizo wazi. Ada ya dalali iliyozoeleka ni kodi ya mwezi mmoja, na hulipwa baada ya kusaini, si kabla. Ile ya kuzungushwa kuona nyumba kubalianeni kiasi kabla hamjapanda bodaboda. Kabla ya kutoa fedha, nenda ofisi ya serikali ya mtaa, uliza kama anayejiita mwenye nyumba ndiye. Utapitia hapo hapo kujitambulisha ukihamia, kwa hiyo si safari ya ziada. Mkataba uandike kiasi, miezi, nani anatengeneza nini, notisi ya siku ngapi, na usomaji wa mita ya maji siku ya kuingia. Kodi lipa kwa benki au simu, jina lionekane.

Na omba miezi mitatu. Wenye nyumba wengi watataka sita. Mgeni anayelipa sita kwenye mtaa asioujua hana tena la kujadili bomba likikauka mwezi wa pili.

Gharama za kuhama zenyewe: Bagamoyo ni gari 250,000, dalali 180,000, na 100,000 ya vitasa, mapazia, koki na vurugu za wiki ya kwanza. Jumla 530,000, zinarudi kabla miezi mitano haijaisha kwa akiba ya 115,600. Tanga ni 650,000, 130,000 na 100,000, jumla 880,000. Mumeo akiwa amepata kazi huko, zinarudi ndani ya miezi minne. Akiwa anasafiri kila wiki, kwa akiba ya 8,300, zitarudi baada ya karibu miaka tisa. Makabati ya MDF, yale ya mbao za unga uliogandamizwa, msiyapakie kwenye gari la Tanga. Yakifunguliwa skrubu mara moja hayashiki tena. Uzeni Sinza, mkatengenezewe ya mbao huko.

Njia ya tatu hukuitaja. Kati ya Bunju na Bagamoyo mjini kuna Mapinga, Kerege, Zinga na Kiromo, zote zikiwa wilaya ya Bagamoyo. Kodi za huko zinaweza kuzidi za Nianjema kwa sababu watu wa Dar wamezifikia, ila nauli ni fupi na mumeo anapunguza muda barabarani kila siku ya kazi. Zipigie hesabu ile ile: kila shilingi 1,000 inayopungua kwenye safari ya kwenda na kurudi ni sawa na kodi kupungua kwa 13,000. Nyumba ya 200,000 Mapinga yenye safari ya 5,500 badala ya 8,000 inaishinda ya 180,000 Nianjema. Tatizo la maeneo hayo ni viwanja vipya vilivyo mbali na lami: maji na barabara huwa nyuma ya nyumba. Yaone Aprili, masika yakiwa juu.

Hospitali nitapita haraka. Tanga ina Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa. Bagamoyo ina hospitali ya wilaya na Dar iko karibu. Kama kuna mtu nyumbani anayehudhuria kliniki Muhimbili, zidisha tarehe zake kwa nauli, watu wawili.

Kilichobaki ni huyo mtoto wa darasa la sita, na kwangu ndiye anayeamua tarehe. Januari anaingia la saba, mtihani wa taifa ni Septemba. Uhamisho wa shule za msingi hupitia kwenye PReM, mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wanafunzi: mwalimu mkuu wa anakotoka anamwachia na wa anakokwenda anampokea, na mtahiniwa akishasajiliwa mambo huwa magumu. Kwa hiyo ama mnahama Desemba hii shule zikiwa zimefungwa, ama mnasubiri amalize Septemba. Katikati hapana. Mwone mwalimu mkuu wewe mwenyewe na kitambulisho cha mtoto mkononi, muulize nafasi na tarehe ya mwisho, kabla hata ya kuongea na mwenye gari.

Kusubiri kuna bei yake. Miezi tisa ya akiba ya Bagamoyo, 115,600 kwa mwezi, ni 1,040,400. Zile 530,000 za kuhama mtazitumia vyovyote, sasa au Septemba, kwa hiyo hapa hazitolewi. Ni fedha nyingi, ila si nyingi kuliko mwaka wa mtihani kwa mtoto anayeyumba masomoni. Kama ni imara, na shule ya Nianjema imempokea, hameni Desemba. Tanga iwekeni pembeni hadi mumeo awe na barua ya kazi ya huko.

Mambo mengine hayamalizwi kwa jibu la kuandika. Mita ikiwa imewekwa kundi lisilostahili, nenda ofisi ya TANESCO ya wilaya na namba ya mita. Mwenye nyumba wa sasa akiwatoa kabla kodi mliyolipa haijaisha, au akizuia vyombo, anzeni serikali ya mtaa. Isipotulia, mwenye mamlaka ya kuamua ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kwani baraza la kata siku hizi kazi yake ni kusuluhisha tu. Bebeni mkataba na stakabadhi zote, hata zilizochakaa.

Na mkiamua kubaki hadi Septemba, msikubali 400,000 kimya kimya. Miezi sita yake ni 2,400,000. Mwendee mwenye nyumba na 2,250,000, yaani 375,000 kwa mwezi, umwambie unalipa siku hiyo hiyo na nyumba haitakaa tupu hata wiki. Mwezi mmoja wa nyumba tupu unampotezea 400,000. Punguzo unaloomba ni 150,000 kwa miezi sita. Hesabu hiyo mwandikie kwenye karatasi.